Matembezi ya picha Brick Lane: nyota 3, na zote nazipa majengo

Jumapili nililipia matembezi ya kupiga picha masinagogi ya zamani ya East London, paundi 45 masaa matatu, jina la kampuni silitaji, ila tangazo lilisema watu hawazidi 8 tukajikuta 15 tunapigana vikumbo pembeni ya barabara, kila ukiinua kamera kuna kisogo cha mtu.

Majengo sasa, aisee. Lile la kona ya Brick Lane na Fournier Street peke yake linakula siku nzima. Walijenga Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, kanisa lao, 1743, baadae wakaingia Wamethodisti, 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki na tangu 1976 ni msikiti wa Wabengali, na kuta ni zilezile. Juu ukutani upande wa Fournier Street kuna saa ya jua yenye huo mwaka 1743 na maneno ya Kilatini Umbra Sumus, yani sisi ni kivuli. Siku yenyewe mawingu matupu, kivuli hakuna, saa imekaa tu pale haisemi kitu, na hiyo ndo picha yangu niliyoipenda kuliko zote. Ila iko juu, mi nilikuwa na lenzi ya 24mm inayochukua eneo pana, nikaishia kuikatakata picha nyumbani, beba ya 85mm au zaidi inayovuta karibu. Na ule mnara wa chuma wa msikiti, wa 2009, usiupige ukiwa chini yake, nyumba zote zinaonekana zimelala kwenye picha.

Kilichoniudhi ni yule jamaa aliyetuongoza kutwambia tutafute "mabaki". Mabaki gani na watu wanaingia kuswali adhuhuri? Akatupanga mlangoni kabisa. Kuna mzee akanikazia macho, nikashusha kamera nikamtolea salamu, akaitikia, akasema ukuta pigeni mpaka mchoke, wanaoingia kuswali waacheni. Sasa hilo si ilikuwa kazi ya mwenyeji wetu kutwambia kabla hatujaondoka?

19 Princelet Street, nyumba ya 1719 yenye sinagogi lililojengwa nyuma kwenye bustani karne ya 19, tuliishia kuangalia mlango. Muda mwingi pamefungwa, tangazo kimya. Fieldgate Street usikose, sinagogi la 1899 limebanwa na majengo ya East London Mosque, wamekaa majirani miaka na miaka mpaka 2015 msikiti ukalinunua, simama ng'ambo ya barabara upate yote mawili kwenye picha moja.

Halafu sinagogi la Sandys Row yule jamaa akaliruka, eti bado ni sinagogi haijabadilika matumizi. Jamani, ile nayo ilianza kama kanisa la wakimbizi wa Kifaransa, 1766! Nimeenda mwenyewe baada ya kuachana nao, dakika chache tu kwa miguu, bure, na hakuna kisogo hata kimoja.