Kutoboa fuvu au kupitia mshipani?

Pale Mwanjelwa, kwenye meza yake ya mitumba, nilimwonyesha shangazi video ya Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza kuanzia mabegani kushuka chini, akicheza chesi kwenye kompyuta kwa kuwaza tu. Kampuni ya Neuralink ilimwekea chipu kichwani Januari 2024. Shangazi akaacha kukunja shati.

"Wamemtoboa fuvu?"

Ndiyo, kisha roboti ikashona kwenye ubongo nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, zenye vipokezi 1,024 vya kunasa ishara za ubongo. Baadaye baadhi zikachomoka.

"Hapo hapana, mwanangu."

Nikamweleza ya kampuni nyingine, Synchron: kijiwavu kinapitishwa kwenye mshipa wa shingoni hadi ubongoni, fuvu halifunguliwi. Uso ukamlegea. Ila vipokezi vyake ni 16 tu, kwa hiyo kinanasa machache: kuchagua na kubofya, taratibu.

Kaka yangu alianguka na bodaboda pale Mlima Nyoka. Mwaka wa sita huu mikono haiinuki, simu tunamshikia sikioni. Mimi ningemchagulia mshipa, maana naogopa kumpoteza. Jioni nikamuuliza mwenyewe. Alijibu kabla sijamaliza: anataka ule wa nyuzi nyingi, amwandikie mkewe ujumbe bila mtu kuusoma.