Baiodaijesta kwenye nyumba ya wapangaji Moshono, uzoefu wangu

Naona watu wengi wanaulizia baiodaijesta (chemba ya choo ambayo bakteria wanayeyusha kinyesi ndani yake) na wanaojibu karibu wote ni mafundi wenyewe, sasa fundi hawezi kukwambia kitu cha kumharibia biashara. Mi natumia. Nimejengewa nyumbani hapa Moshono Arusha, nyumba yangu mbele na vyumba vya wapangaji nyuma, vyoo vyote vinaingia chemba moja. Nimeridhika nayo kwakweli na ningeijenga tena, ila kuna vitu inabidi uvijue kabla hujatoa hela.

Huku kwetu ukichimba kidogo tu unakutana na mwamba, kwahiyo shimo letu la zamani lilikuwa fupi na maji hayanywei, masika ikifika linajaa mpaka linatema juu, unapiga simu gari la majitaka linakuja muda linaotaka lenyewe, unalipa, na kabla hujasahau ile hela limejaa tena. Baiodaijesta nimelipa laki nane na nusu vifaa na ufundi. Ni chemba ndogo ya tofali, ya duara, ndani ina ukuta wa kuzuia kinyesi kibaki upande mmoja mpaka kiyeyuke, alafu maji yanatoka kwa bomba upande wa pili yanaenda kwenye shimo la mawe, yaani shimo lililojazwa mawe yanywee humo. Basi.

Kazi yote inafanywa na bakteria, na hapa ndo nataka muelewe maana ukielewa hili utaitunza vizuri. Mle ndani hakuna hewa ya oksijeni, na kuna bakteria wanaoishi hivyohivyo bila oksijeni. Wa kwanza wanavunjavunja kinyesi, mafuta na mabaki ya chakula, wengine wanageuza vile vipande kuwa asidi, alafu kuna kundi la mwisho ndo linakula ile asidi na kutoa gesi ya methani, ileile ya kupikia kwenye baiogesi za wafugaji. Hawa wa mwisho ndo wa kuwahurumia, wanazaliana polepole sana, hawapendi baridi na hawapendi kemikali, na wakifa wao asidi inarundikana na harufu inaanza. Ndo maana miezi ya Juni na Julai hapa Arusha kazi inapungua kasi, sio kwamba imeharibika, ni baridi.

Baada ya masika nilimwita fundi afungue mfuniko nione mwenyewe. Juu kulikuwa na utando wa kahawia, mgumu kidogo, akausogeza na mti, chini yake vipovu vinapanda kimoja kimoja bila kuacha, na ule upande wa kutokea maji yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa, hayana vipande kabisa. Harufu ipo ukiinama, ukisimama huisikii. Nilifurahi jamani. Ila mfuniko usifungue na sigara mdomoni au kibiriti mkononi, gesi ile inawaka, na asiingie mtu mle ndani hata kidogo, hewa ya mashimo haya inaua watu.

Sasa kuhusu ile pakiti ya unga wa bakteria. Nilipojengewa niliambiwa ninunue kila mwezi la sivyo mfumo utakufa. Nilinunua kwa muda, alafu nikaacha, na sijaona tofauti yoyote. Kinyesi chenyewe kinakuja na bakteria wa kutosha kila siku, na hata EPA, wale wa mazingira wa serikali ya Marekani, wanasema kwenye septiki ya kawaida ya nyumbani dawa hizi hazina ulazima. Hela ya pakiti weka kwenye bomba zuri la kutolea hewa.

Kinachoua mfumo ni vitu tunavyomwaga. Kuna mpangaji alikuwa anaosha choo kila siku na dawa ya asidi, alafu anamalizia na jiki nyingi (na kuchanganya hivyo viwili kunatoa gesi ya klorini, ni hatari kwake mwenyewe chooni), baada ya muda uwanja mzima ukaanza kunuka yai bovu. Tulikaa tukaongea vizuri, akahamia sabuni ya kawaida na brashi, fundi akaniletea ndoo ya mavi ya ng'ombe mabichi akayakoroga na maji akamimina ndani, maana tumboni kwa ng'ombe wamo walewale wa methani. Harufu ikapungua taratibu mpaka ikaisha. Pedi, pampasi na mafuta ya kukaangia marufuku kabisa, hivyo haviliwi na bakteria yeyote kwa haraka.

Na lile tangazo la mafundi kwamba baiodaijesta "haijai milele" msiliamini. Mchanga, nywele, majivu na mabaki magumu hayayeyuki, yanakaa chini, kwahiyo baada ya miaka kadhaa lazima itolewe tope, ni mara chache sana tu kulinganisha na shimo la zamani.

Maji yanayotoka ni masafi kuliko yalivyoingia lakini sio salama, mayai ya minyoo yanavumilia sana. Mi nimeyaelekeza kwenye migomba, mchicha siuweki karibu. Kule Moshi kwenye mabwawa ya majitaka ya Mabogini maji yanapitishwa bwawa moja hadi lingine, mwani unatoa oksijeni juani, bakteria wa juu wanaitumia, na jua linaua vijidudu, chemba ya nyumbani haina hatua hizo zote. Kwahiyo kama una kisima, mwambie fundi shimo la mawe likae mbali nacho na upande wa chini wa mteremko, na umsimamie siku anachimba, mafundi wengi wanachagua pale penye udongo laini.