Mota ya 17.5 ya bei mbaya, viskrubu vya ovyo: uzoefu wangu

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndio niandike, lakini hazipoi, basi naandika hivi hivi. Hii ni ile mota ya magari ya rimoti, ya 17.5 (waya umezungushwa mara 17.5 kwenye koili, namba ikipanda mota inakuwa ya polepole), inayouzwa kama mota iliyochaguliwa, yaani wanakwambia wamepima nyingi wakakutolea bora kuliko zote, ndani ya boksi kuna kikaratasi cha vipimo na bei yake inauma kwelikweli. Vipimo siviandiki, viko kila mahali. Jina la kampuni na la duka pia siweki.

Mimi niko Uingereza, nakimbiza touring ya umeme ya 1/10, yaani gari la rimoti dogo mara kumi kuliko la kweli, ndani ya ukumbi kwenye kapeti, mbio za dakika tano, daraja la blinki. Kwa wasiojua, blinki maana yake kontrola ya spidi hairuhusiwi kuongeza busti yoyote, yaani kasi ya ziada ya kielektroniki, taa yake lazima ipepese kuonyesha haina ujanja, na klabu yetu inafuata orodha ya mota zilizokubaliwa na BRCA, chama cha magari ya rimoti cha Uingereza. Kwa hiyo unabaki na vitu viwili tu vya kuchezea, gia na taimingi ya mota yenyewe. Taimingi unalegeza viskrubu vitatu pale nyuma, unazungusha kifuniko, sensa zinahama nacho na koili zinapata umeme mapema kidogo. Ukiongeza, mizunguko inapanda, lakini mota inakula umeme zaidi, inachemsha, na ile nguvu ya kuchomoka kwenye kona inapungua. Mchezo mzima uko hapo. Halafu mtu ananiuzia mota ambayo kifuniko hicho hicho hakikai mahali pake!

Siku ya kwanza nilianza kwa tahadhari kabisa. Spa (gia kubwa) ya meno 100, pinioni (gia ya kwenye mota) ya 46, na gia za ndani za gari langu ni 1.9, ukipiga hesabu unapata 4.13, yaani mota inazunguka mara 4.13 tairi likizunguka mara moja, hiyo ni gia ya kubembeleza mota mpya, wenzangu wengi pale wanakimbia kwenye 3.8 na mota zao zinatoka salama. Dakika mbili za mwanzo gari ilikuwa tamu, naapa, kwenye mstari mrefu nilikuwa nawapita watu ambao sijawahi kuwapita. Baada ya hapo nikaanza kusikia sauti inapanda, inakuwa nyembamba, na kwenye kona gari inatoka kizembe. Nilipoitoa kwenye kapeti harufu ya vanishi iliyoungua ilikuwa imejaa meza nzima. Nikaipima na kile kibunduki cha joto, digrii 94. Sisi wote pale tukifika 75 tunaanza kuogopa kwa sababu sumaku ya rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, haipendi joto, ikichemka sana inapoteza nguvu na hairudi tena.

Nikadhani labda ni feni. Feni nzima. Waya nililehemu mwenyewe A kwa A, B kwa B, C kwa C, waya wa sensa mpya. Nikarudisha taimingi ilipokuwa, nikakaza, halafu nikapiga mstari mwembamba wa rangi ya kucha nyeupe kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye kasha. Mbio iliyofuata nikatoa gari mapema, nikageuza mota chini ya taa. Mstari umekatika katikati. Kipande cha kasha kiko pale pale, kipande cha kifuniko kimehamia pembeni, alama nzima na zaidi, upande wa kuongeza. Yaani mota ilikuwa inajiongezea taimingi yenyewe huku mimi naendesha!

Nikafungua viskrubu. Vifupi! Vinashika nyuzi mbili tu za kasha, basi, ukikaza kwa alenki unahisi vimekaza kumbe vimeegemea tu, ikianza kutetemeka vinaachia. Mota iliyopimwa, iliyochaguliwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeangalia skrubu.

Sasa dukani. Hapa ndipo damu inapanda. Nimeenda mwenyewe, sikutuma kwa posta, nimebeba mota, daftari langu la gia na picha za ule mstari. Kijana wa kaunta hakuishika mota, aliisukuma na kalamu kama uchafu, akanusa, akasema hii imechemshwa na mtu asiyejua gia. Nikamwambia ndugu yangu angalia daftari, 4.13, wewe mwenyewe unauza pinioni hapa unajua hiyo ni gia ya kubembeleza. Hakuangalia. Nikamwonyesha picha, akasema rangi ya kucha inafuta garanti. Rangi ya kucha! Halafu mbele ya wateja wengine akaniambia mota hizi ni za watu wanaoshindana, kwa mimi angependekeza ile ya rangi ya fedha ya Tamiya. Ile mota ya kawaida ya brashi wanayoanzia watoto. Sina ubaya nayo, nimeanzia hapo na mtu mpya yeyote namshauri aanzie hapo, akishaweza kumaliza mbio bila kugonga ukuta ahamie 21.5 halafu 17.5. Lakini nimekimbiza miaka mingi, na huyo hajui mimi ni nani wala hakuuliza.

Nikaondoka nimeamua kuandika nyota moja, msinunue, mwisho.

Ila kuna mzee mmoja wa klabu yetu, mtulivu sana, ana kile kifaa cha kupima mota, akasema lete tuone. Alama ya kwenye kifuniko ilisema taimingi ni digrii 30, kifaa kikasoma 41, hilo halikumshangaza, alisema alama za mota karibu zote usiziamini, pima. Akatafuta viskrubu virefu kidogo, akapima kwanza kina kwa kijiti ili visije vikagusa koili (hicho ndicho kinachoua mota za watu wengi, hata zile skrubu za kufungia mota kwenye gari ukiweka ndefu umekwisha), akavifunga. Kifuniko kikakaa kama kimechomelewa. Tukakimbia, digrii 68, mstari haujasogea. Gari ilikuwa inaruka! Nikasema basi, mota yenyewe ni nzuri jamani, waliosanifu koili wanajua kazi, nyota nne, kosa ni viskrubu tu, nunua uvibadilishe.

Halafu nikaanza kuangalia muda wa kila mzunguko. Mwisho wa mstari mrefu nina spidi kuliko wote, kwenye kutoka kona nabaki. Mzee akaipima tena bila mzigo, kwa taimingi ile ile ya kikaratasi, mizunguko iko juu kuliko kikaratasi kilivyosema. Mtu asiyejua angefurahi. Mzunguko ukipanda hivyo bila wewe kugusa chochote maana yake sumaku imedhoofika, inazunguka haraka lakini haivuti, na umeme inaokula umeongezeka. Ile siku ya digrii 94 ndiyo iliyoimaliza rota. Hapo nikarudi nyota moja, na hata hiyo naitoa kwa ajili ya koili tu.

Na wenzangu mlioko huku msikubali kutishwa na maneno ya garanti, sheria ya walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai hela yako yote, na hata zikipita, ndani ya miezi sita ni muuzaji anayetakiwa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo alipokuuzia, sio wewe. Nimewaandikia hivyo hivyo kwa barua pepe, nimeambatanisha picha za mstari, viskrubu vya zamani nimevipiga picha pembeni ya rula, na usomaji wa kile kifaa. Nimewaambia nataka rota mpya na viskrubu vinavyofika, sio hela. Wamejibu sentensi moja kwamba wanalifuatilia. Wakinizungusha nataka hela yangu yote, na mota ile ile naiweka juu ya kaunta yao mbele ya yule kijana.