Kempavani ya kukodi na marafiki: uzoefu wangu, gari na watu wa njiani

Naona watu wanauliza kama kempavani, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, inafaa mkiwa kikundi. Mi nimezunguka nayo na marafiki zangu watatu, kwa hiyo niseme niliyoyaona.

Gari lenyewe saizi ya kati, vitanda viwili, kimoja kiko juu kwenye paa linalonyanyuka, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, kafriji, choo cha kubebeka. Injini haina neno, breki safi. Mafuta linakula, hilo mlitegemee maana mnaendesha nyumba. Kinachochosha ni ule ufinyu, mmoja akitaka soksi zake watatu lazima watoke nje kwanza, na usiku mtu akijigeuza wote mnaamka.

Sasa kitu ambacho kampuni haikuniambia. Wanakwambia gari linajitegemea, halijitegemei hata kidogo aisee. Tangi la maji kwa watu wanne wanaooga, kupika na kuosha vyombo linaisha haraka kuliko unavyodhani. Betri ya ndani ni tofauti na ile ya kuwashia injini, na kama ni hizi za asidi haifai kuinyonya chini ya nusu, inakufa mapema, sa ukiweka taa na pampu ya maji na simu nne zinazochajiwa, mkikaa sehemu moja bila kuendesha inaanza kulia. Na friji hizi za gesi hazina kompresa, zinataka gari likae sawasawa, likiinama hazipoozi vizuri. Yaani kila jioni mnatafuta maji, soketi na kipande cha ardhi kilichonyooka, na hivyo vyote viko kwa watu.

Hapo ndo safari ilipokuwa tamu.

Kuna mzee alikuwa amesimama getini kwake anatuangalia tunasogeza vipande vya mbao chini ya tairi, mbele, nyuma, mbele tena. Hakusema kitu, akaingia ndani, akarudi na pima maji ya mafundi, akapanda kwenye gari letu bila hata kukaribishwa akailaza juu ya sinki. "Bado upande wa dereva." Tukaongeza ubao. "Bado." Tulipopatia akagonga friji kidogo kama anamsalimia mtu, halafu akatuuliza kwani mbona tunalala nje wakati kwake kuna nafasi. Tulilala kwenye gari, ila kula tulikula mezani kwake, na stori zikaenda mpaka saa nne.

Mwingine ni mama aliyeturuhusu kuegesha uani kwake usiku wa baridi kali. Akaja na mablanketi, akatuapisha tusithubutu kuwasha jiko ili tupate joto, maana kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, mnalala ndo basi. Akauliza king'ora cha hiyo gesi kiko wapi. Tukamwonyesha, hakuridhika mpaka alipokibonyeza mwenyewe kikalia. Nilijisikia kama nimekaripiwa na mama yangu mzazi.

Wapo waliokataa pia, mmoja hata hatujamaliza kusalimia keshafunga mlango, na ni haki yake, kwake ni kwake. Ila wengi hawakatai ukijua kuomba. Fikeni kabla giza halijaingia, ombeni kabla ya kuegesha sio baada, aende mmoja kupiga hodi sio wote wanne kama mnavamia, na anzeni na kitu kidogo, maji tu. Mkipewa maji mengine yanakuja yenyewe. Halafu msikae mpaka mpewe jembe, sisi tulikuwa tunaondoka asubuhi, na kabla ya kuondoka tunasaidia chochote kilichopo, kupasua kuni, kubeba viti, mmoja wetu anajua simu akawa anawatengenezea mipangilio.

Choo MSIMWAGE kwa mwenyeji hata akisema haina shida. Dawa nyingi za hivi vyoo zinaua bakteria wanaofanya kazi kwenye shimo la maji taka, yaani umemlipa mtu wema kwa kumwachia harufu. Tafuteni sehemu maalumu ya kumwaga.

Njiani tulikutana na jamaa wana dude kubwa, sola paa zima, bafu ndani, matangi mawili. Zuri kweli, nisiseme uongo, nilioga humo nikafurahi. Ila walikuwa hawajaongea na mwenyeji hata mmoja tangu waanze safari, walikuwa hawana cha kuomba. Kama mnataka utulivu wenu chukueni hilo. Mi naona lile letu lenye upungufu lilitufaa zaidi.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu ya mpira wa maji waliotupa, mfupi mpaka aibu, ukitoka kwenye bomba la mtu haufiki kwenye tangi, tukawa tunachota kwa sufuria huku watoto wa mwenyeji wanatucheka. Ulizeni urefu wake kabla hamjasaini.