GIMP na Scribus kwa picha za jarida: uzoefu wangu

Mimi huandaa jarida la mwaka la shule moja ya sekondari hapa Kampala, la ukubwa wa A4, ambalo huchapwa Nasser Road, mtaa wenye karakana nyingi za chapa. Picha zote huzihariri kwa GIMP, kisha nikazipanga kurasani kwa Scribus. Programu zote mbili ni huria na hazina malipo, jambo ambalo si dogo kwa ofisi isiyoweza kulipia Photoshop kwa dola kila mwezi, ingawa siyo bei inayonifanya niendelee nazo.

Ninachokipenda ni jinsi zinavyogawana kazi. GIMP, hata katika toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025, huhariri picha kwa rangi za skrini, yaani nyekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo wa chapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Wengi huihesabu hiyo kuwa kasoro kubwa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu Scribus hubadilisha rangi zote kwa pamoja inapotoa PDF, ikifuata wasifu wa rangi wa karatasi itakayotumika, yaani faili inayoeleza jinsi rangi zinavyotokea juu yake, na kwa hiyo picha moja naweza kuiweka kwenye jalada linalong'aa na kwenye kurasa za ndani zisizong'aa bila kuihariri mara mbili. Lakini lazima uwashe usimamizi wa rangi, ambao huja ukiwa umezimwa, na wakati wa kutoa PDF uonyeshe kwamba ni ya kuchapwa, la sivyo rangi zitabaki za skrini.

Kipimo cha kweli ni nyuso. Kwenye karatasi isiyong'aa wino hutanuka, sehemu za giza hujaa, na uso wa mwanafunzi mweusi aliyepigwa picha saa saba mchana chini ya mwembe huweza kuwa doa tupu lenye meno. GIMP hunisaidia kuliona tatizo hilo mapema, kwani huweza kuonyesha kwenye skrini jinsi rangi zitakavyokuwa baada ya kuchapwa. Nami huinua mwanga wa uso peke yake kwa kutumia tabaka lenye kinyago kinachozificha sehemu nisizotaka kuzigusa, sare ikabaki ilivyo. Kanzu huhitaji kinyume chake, maana usipobakiza kivuli chepesi kwenye mikunjo ya kitambaa, humezwa na weupe wa karatasi. Gomesi, yaani nguo za kitamaduni za wanawake wa Uganda, zikiwa za buluu kali ndizo zinazosumbua zaidi, kwa kuwa buluu ya namna hiyo haipatikani kwa wino na huelekea zambarau. Hapo mimi hupunguza ukali wa rangi mwenyewe kuliko kuiachia programu iamue.

Kuhusu ukubwa, hesabu yangu ni pikseli 300 kwa kila inchi, zikipimwa kwa ukubwa ambao picha itachukua ukurasani. Picha yenye upana wa pikseli 1,600 hutosha sentimita 13.5 tu, na kuandika 300 kwenye dirisha la ukubwa wa chapa hakuongezi hata pikseli moja. Scribus huonyesha msongamano halisi wa pikseli baada ya picha kuvutwa ndani ya fremu, nami huutazama huo, si ule uliokuja na faili. Wazazi wanaotuma picha kwa WhatsApp huwaomba wazitume kama hati, ili zisibanwe. Kazi ya kunoa picha, yaani kufanya kingo zake zionekane kali zaidi, mimi huiacha mwisho kabisa, baada ya kuipunguza, kisha huitoa kama TIFF na kuhifadhi faili ya XCF, aina ya GIMP yenyewe inayotunza matabaka, kwa marekebisho ya baadaye.

Usumbufu upo. Scribus haibebi picha ndani ya hati bali hukumbuka mahali zilipo, hivyo ukihamisha folda fremu hubaki tupu; ni afadhali kutumia amri yake ya kukusanya kila kitu pamoja kabla ya kunakili kazi kwenye flashi. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, kurasa zenye picha nyingi nzito hukwama kwama, nami hulazimika kushusha ubora wa onyesho. Isitoshe, si kila karakana ya chapa imezoea PDF iliyokamilika: moja iliifungua yangu katika programu ya michoro ili kusogeza namba za kurasa, na rangi zikavurugika. Siku hizi huomba nakala ya majaribio ya ukurasa wenye picha nyingi zaidi, kwenye karatasi ileile, kabla pleti, yaani mabamba ya kuchapia, hazijatengenezwa.