Kipimo cha kamera ya koo na bomba la waya: tuliyopitia na mjomba, Tanga

Nilipotafuta maelezo ya kipimo hiki kwa Kiswahili nilikutana na matangazo ya mitishamba tu, ndiyo maana naandika. Mgonjwa ni mjomba wangu wa Ngamiani, umri miaka 67, ndiye aliyenilea. Tunaitana "mjomba" mimi na yeye, msije mkachanganyikiwa.

Ilianza na chapati, mwezi wa Shaabani. "Mjomba, tonge linasimama hapa," akaniambia, kidole katikati ya kifua. Akashushia maji, likapita. Baadaye nyama ikagoma, kisha bada, ugali wa muhogo. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana bada ya muhogo inateleza yenyewe. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, wakampa vidonge vya omeprazoli. Tuliporudi, omeprazoli tena. Ramadhani nayo ikatuficha kukonda kwake. Nani atashangaa mtu akikonda kwenye mfungo? Mama mkubwa akashikilia kuwa ni kimeo, na fundi wa kukata vimeo alishatafutwa. Nilimzuia mlangoni, na mpaka leo mama mkubwa hajanisamehe vizuri.

Baada ya Idi Kubwa, mkanda ukiwa umeongezwa matundu mawili na chakula kikiwa uji mtupu, tulimpata daktari mmoja, binti mdogo tu. Alimuuliza swali moja: "Babu, vilianza kukwama vigumu, vikafuata laini, au vyote vilianza pamoja?" Mjomba akajibu vigumu kwanza. Binti akaandika kipimo cha kamera papo hapo. Alituambia njia inayoziba kidogo kidogo huanza kukataa vigumu, na mtu wa umri ule haanzi kupewa vidonge kabla njia haijatazamwa. Miezi minne tulikuwa tunameza vidonge.

Sasa kamera yenyewe. Mjomba aliiogopa kuliko ugonjwa. Hakula wala kunywa kitu tangu usiku. Walimpulizia dawa ya ganzi kooni (alisema ni chungu kama mwarobaini), wakamchoma sindano ya usingizi mwepesi, wakamlaza ubavu wa kushoto, wakamng'atisha kidude cha plastiki chenye tundu. Mpira mwembamba wenye kamera ukapita humo. Niliangalia saa: haikufika robo saa. Waliona uvimbe katikati ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wakachukua vinyama kadhaa vidogo kwa koleo linalopita ndani ya mpira uleule. Alipoamka aliuliza wataanza lini. Wakatuonya asinywe kitu mpaka ganzi iishe, asije akapaliwa.

Majibu ya vile vinyama ndiyo yaliyotutesa. Tuliambiwa wiki moja, zikawa tatu, na kila nikipiga simu naambiwa "bado hayajasainiwa". Yalipotoka: saratani ya umio, aina ya skwamasi, inayoanzia kwenye utando wa ndani wa umio. Daktari alisema aina hiyo ndiyo tele upande wetu huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini. Ile nyingine huota chini karibu na tumbo, hufuatana na kiungulia cha miaka mingi, na Wazungu ndio inayowaandama zaidi.

Mjomba akauliza kuhusu kahawa. Miaka arobaini amekaa barazani, kahawa inatoka kwenye dele ikifoka moshi, na kikombe anakimaliza kabla ya wenzake. Daktari hakumdanganya. Alisema mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani, kosa likiwa kwenye moto wake, si kwenye kahawa. Lakini sigara na pombe ni wakosaji wanaojulikana zaidi, na kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kusema "hiki ndicho". Sigara Mjomba alivuta mpaka alipokwenda Hija.

Kipimo cha CT, picha za eksirei za ndani ya mwili, tulifanyia Dar es Salaam. Basi la alfajiri kutoka Kange. Muheza wakatuletea machungwa dirishani, akafyonza maji yake tu na makapi akanikabidhi mimi. Picha ikaonyesha ini limeshaguswa. Upasuaji ukafutwa. Uvimbe ukiwahiwa, hutibiwa kwa mionzi na dripu za dawa za saratani, kisha mtu hukatwa umio na kupona kunawezekana. Kwetu lililobaki lilikuwa kufungua njia ale, na dripu baadaye akipata nguvu.

Ndipo likaja bomba, wao wanaita stenti. Ni wavu wa waya uliokunjwa mwembamba. Hupitishwa mpaka penye uvimbe, ukiachiwa hufunguka wenyewe na kusukuma kuta, na huendelea kutanuka siku mbili tatu. Siku hizo kifua kilimuuma sana, dawa za maumivu zilihitajika kwa saa. Bima ililipa kamera. Bomba tulilipa wenyewe, ulizeni mapema.

Siku ya nne alikula wali bokoboko na mchuzi wa changu. Nilitoka nje nikalia.

Kamera naipa maksi zote. Bomba nalipatia maksi saba kwa kumi, na tatu nilizopunguza ni za maelekezo. Tulipewa karatasi ya Kiingereza na "ale laini". Laini ni nini? Wiki ya tatu mama mkubwa akamlainishia mkate kwenye chai, ukavimba humo ndani, bomba likaziba, ikabidi turudi kusafishwa kwa kamera. Ndipo muuguzi mmoja akakaa na sisi nusu saa. Mkate, nyama ya nyuzi na makapi ya chungwa asiguse. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, amekaa wima, akinywa maji katikati ya chakula na baada yake. Asilale mara baada ya kula, na akilala kichwa kiwe juu. Bomba haliponyi saratani, hilo nalo alitutamkia waziwazi, mbele ya Mjomba mwenyewe.

Barazani amerudi. Kikombe anakiweka chini mpaka kipoe, wenzake wanamcheka kwamba anakunywa kahawa ya jana. Jumatatu tuna miadi ya dripu ya kwanza. Tiketi ninazo, na chupa mbili za uji mwepesi kwa ajili ya njiani.