Seti ya mazingaombwe ya dadu: uzoefu wangu baada ya miezi mitatu

Niliinunua Kariakoo mwezi wa sita, shule zilipofungwa. Muuzaji alianza na 25,000, tukaelewana kwa 18,000. Nilikuwa nimefuata zipu na vifungo vya duka langu la ushonaji hapa Morogoro, na Zuhura, binti yangu wa darasa la tano, alikuwa ameniomba nimletee mchezo wowote. Nami nilitaka kitu kitakachomtoa kwenye simu.

Ndani ya boksi kuna dadu tano zenye namba ya tarakimu tatu kila upande, dadu nne za kawaida za nukta, kikombe cha plastiki, na kijisanduku cheusi chenye dadu moja kubwa. Maelekezo ni Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa herufi ndogo kama zile za kwenye chupa za dawa. Kuna alama ya kuskani eti upate video za mafunzo. Kwangu haikufunguka hata siku moja.

Nianze na zile dadu tano, maana hizo peke yake zinastahili pesa yote.

Unampa mtu azirushe. Siku ya kwanza nilimpa mama mmoja aliyekuja kuchukua sare za wanawe. Alizirusha juu ya meza ya kukatia, zikatulia katikati ya vumbi la chaki: 483, 642, 558, 168, 971. Nikamwambia ajumlishe kwa simu yake. Kabla hajaingiza namba ya tatu nikamwambia, "Utapata 2,822." Akamaliza, akaiangalia simu, akaniangalia mimi. "Fundi, umezikariri?" Hazikaririki. Dadu tano zinaweza kuanguka kwa namna 7,776.

Kinachofanyika ni hiki. Unajumlisha tarakimu za mwisho tu: 3, 2, 8, 8 na 1, unapata 22. Hiyo ndiyo mkia wa jibu. Halafu 50 toa 22, unapata 28. Hicho ndicho kichwa. Ukiviunganisha, 2,822. Mtu mzima anaweza kujifunza hilo huku maji ya chai yakichemka.

Zuhura alijifunza jioni ile ile, na kesho yake akakwama. Dadu zilitoa 780, 741, 954, 663 na 971. Tarakimu za mwisho zinatoa 9, na 50 toa 9 ni 41. Akasema kwa sauti, "419!" Rafiki zake wakajumlisha kwenye daftari, wakapata 4,109. Karatasi ya maelekezo haisemi popote kwamba mkia ukiwa chini ya 10 lazima uutangulize na sifuri. Mkinunua, mwambieni mtoto hilo mapema. Wangu alilia, kwa sababu hesabu zilikuwa zinamtisha hata kabla ya hapo.

Lakini kosa lile ndilo lililomfanya atake kujua kwa nini 50. Alichukua daftari, akaandika pande zote za kila dadu, thelathini kwa jumla. Nikiwa nashona nikamsikia, "Baba, katikati hapabadiliki!" Kweli. Dadu ya 483 ina 8 katikati pande zote sita. Ya 642 ina 4, nyingine 5, nyingine 6, nyingine 7. Jumla 30, na kwa kuwa zimekaa kwenye makumi, hiyo ni 300 ambayo haikwepeki. Kisha akaona kwamba kwenye dadu moja, tarakimu ya kwanza na ya mwisho zikijumlishwa hutoa namba ile ile kila upande: 7 kwenye ile ya kwanza, kisha 8, 13, 9 na 10. Zote pamoja 47. Kwa hiyo ukiijua jumla ya mwisho, jumla ya mwanzo unaijua bila kutazama, kwa kuitoa kwenye 47. Ongeza zile mia tatu, 47 inakuwa 50. Nilisimamisha cherehani. Sijawahi kumwona mtoto huyu akifurahia daftari la hesabu namna ile, na hata kama vitu vingine vyote vya boksi hili vingekuwa takataka, nisingeidai pesa yangu.

Sasa malalamiko, na hili ni kubwa.

Mazingaombwe karibu yote ya dadu za nukta yanategemea jambo moja: pande mbili zinazotazamana hujumlisha 7. Moja hutazamana na 6, mbili na 5, tatu na 4. Mtu anapanga dadu tatu kama mnara wewe ukiwa umempa mgongo. Unageuka, unatupa jicho juu, unamtajia jumla ya pande zote tano zilizofichika, pamoja na ule uliolalia meza. Kazi yako ni kutoa namba ya juu kwenye 21.

Tulikwenda Tanga kwa mama yangu, Zuhura akatandika kitambaa mkekani. Bibi alipoziona dadu akakunja uso. "Hizo si za kamari hizo, mwanangu?" Nikamweleza kwamba hakuna pesa wala dau, ni hesabu tupu, hakuna kamari wala uchawi ndani yake. Akakubali kupanga mnara. Juu palikuwa na 4. Zuhura akasema, "Bibi, zilizofichika ni 17." Bibi akaziinua moja moja, akahesabu nukta kwa kidole, taratibu, kama anavyohesabu tasbihi. Kumi na sita. Akahesabu tena. Kumi na sita.

Usiku nikazikagua chini ya taa. Ni zile dadu zenye nukta nyekundu kwenye 1 na 4, mtindo wa Kichina. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne, 1 ilikuwa inatazamana na 5, na 6 inatazamana na 2. Ilichapwa vibaya kiwandani. Kwenye ludo usingegundua mwaka mzima, kwa sababu namba zote sita zipo. Kwenye mazingaombwe inakuaibisha mbele ya bibi yako. Asubuhi nilinunua dadu mbili za ludo duka la jirani kwa shilingi mia tano, Zuhura akarudia, safari hii ikakubali, na Bibi akamwita shangazi mtu aje aone. Kwa hiyo kabla hujamlipa muuzaji, zigeuze dadu zote pale pale na uhesabu saba tatu kwa kila moja. Nusu dakika inatosha.

Kijisanduku cheusi: mtu anaficha humo dadu kubwa, upande anaoutaka ukiwa juu, anafunika, anakukabidhi mgongoni, nawe unamtajia namba. Siri yake siisemi, maana ukiijua hakuna kinachobaki. Ila mfuniko wa kwangu ulikuwa umelegea, ukawa unadondoka katikati ya mchezo. Nilibandika kipande cha kitambaa cha gundi kwa ndani, sasa unashika.

Karatasi inaorodhesha pia mchezo wa mkono na kuuita rahisi. Si rahisi. Unashika dadu kati ya kidole gumba na cha shahada, unageuza kiganja kuonyesha upande wa chini, na wakati ule ule gumba linaisukuma dadu robo mzunguko ili mtazamaji aone upande mwingine kabisa. Mwendo mkubwa wa kiganja unaumeza ule mdogo wa kidole. Mimi nina kioo kirefu cha wateja kujaribia nguo, nilifanya mazoezi hapo kila jioni, na ilinichukua wiki tatu dadu isinidondoke. Mtoto wa miaka kumi vidole bado vifupi kwa dadu za ukubwa huu. Anayeanza aanze na hesabu, mkono utafuata.

Kikombe hakina la kusema, ni kikombe.

Ningeinunua tena kwa 18,000, kwa 25,000 hapana. Ila sidhani kama tutahitaji nyingine. Nimemkatia Zuhura vipande vitano vya mbao, nikavipiga msasa, na anaandika dadu zake mwenyewe kwa kalamu ya wino. Ameshagundua kwamba katikati zikijumlisha 20, basi pembeni zijumlishe 48, na 50 inabaki pale pale. Jana usiku alikuwa amefika dadu ya tatu.